Kunyoosha Magurudumu ya Gari Lililoinuliwa

Gari likianza kula tairi upande mmoja Kisauni, Mombasa, mshitakiwa huwa ameshapatikana kabla gari halijafika gereji: ni barabara. Ni matuta ya njia ya Bamburi, ni mashimo ya barabara za ndani za Mtopanga na Kiembeni, ni kingo za lami zilizoliwa na mvua. Mwenye gari huenda kwenye mashine ya alaimenti, ile ya kunyooshea magurudumu, kioo humwonyesha rangi nyekundu, fundi akalegeza hapa na kukaza pale, rangi ikageuka kijani, pesa zikalipwa. Baada ya miezi michache tairi jipya limeanza kuliwa palepale. Nadhani barabara inasingiziwa zaidi ya inavyostahili. Kosa kubwa liko kwenye vipimo vyenyewe, kwa sababu gari linanyooshwa kwa kufuata hali ambayo limeshaiacha: jipya, tupu, likiwa na kimo lilichotoka nacho kiwandani. Gari la Kisauni limeinuliwa kwa spesa au limeshushwa kwa springi za kurekebishika, limebeba watu na magunia, na bushi zake za raba zimezeeka. Alaimenti yenye faida ni ile inayoanzia kwenye hali hiyo, na fundi asiyeikagua kwanza hawezi kuokolewa na mashine hata iwe ya bei gani.

Magari mengi ya abiria barabarani kwetu yameshuka bandarini Mombasa yakitoka Japani yakiwa yametumika. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya kinataka gari liwe na usukani wa kulia na lisizidi umri wa miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Kwa hiyo Probox, Fielder, Demio au Impreza hufika hapa springi zikiwa zimeshalegea kidogo na raba za bushi zikiwa na miaka yake. Springi hizo zilikusudiwa lami laini. Mnunuzi akishagonga tumbo la gari kwenye matuta mara mbili tatu, huenda kwa fundi kuwekewa spesa, ile bangili ya raba, plastiki au chuma inayokaa juu ya springi au juu ya shokapu. Gari huinuka inchi moja au mbili, mwenyewe hufurahi kwa sababu halisugui tena, na wengi huona kazi imeishia hapo. Kwenye Hiace, ambayo miguu yake ya mbele hushikiliwa na vyuma vya msokoto badala ya springi za kuviringika, kuinua ni rahisi zaidi: fundi hulala chini, akazungusha bolti ya kurekebishia, na pua ya gari ikapanda. Kote huko kimo kimebadilika, na kimo kikibadilika pembe za magurudumu zote hubadilika pamoja nacho.

Pembe zenyewe ni tatu. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele: sehemu ya juu ikiingia ndani kemba ni hasi, ikitoka nje ni chanya. Kasta huonekana ukilitazama gari kwa ubavu, nayo ni mwinamo wa ule mhimili ambao gurudumu huzunguka juu yake usukani ukikatwa. Ndiyo inayourudisha usukani katikati baada ya kona. Ya tatu ni mwelekeo wa magurudumu yakitazamwa kutoka juu. Ncha za mbele zikikaribiana mafundi husema toini, zikiachana husema toauti. Gurudumu lenye kemba hutaka kupinda kuelekea upande lilikoinamia, kama sarafu inayobingirishwa ikiwa imelala kidogo. Gurudumu lenye toini au toauti halina mviringo wa kufuata. Linaburutwa tu, likielekea huku na kusukumwa kule.

Tofauti hiyo ya kubingirika na kuburutwa ndiyo inayoamua nani anakula tairi, na hesabu yake ni nyepesi. Tairi la Probox lina kipenyo cha milimita 600 hivi. Tuseme gurudumu moja limekosea mwelekeo kiasi kwamba ukingo wake wa mbele umehama milimita 3 ukilinganisha na wa nyuma. Tatu kwa mia sita ni nusu ya asilimia moja. Maana yake, katika kila kilomita moja ya safari, tairi hilo linasuguliwa mita 5 kwa ubavu. Kutoka daraja la Nyali hadi Mtwapa ni kilomita kumi na kadhaa. Matatu inayokwenda na kurudi siku nzima inaburuta raba yake kwa ubavu mamia ya mita kabla ya magharibi, na jicho la dereva halioni kitu, kwa sababu milimita 3 hazionekani. Kemba ya digrii moja, ambayo fundi mzoefu anaweza kuiona kwa macho, huhamisha uzito kuelekea ukingo mmoja na kuuchosha polepole, ila hailiburuti tairi kwa namna hiyo. Ndiyo maana wenye magari huhangaikia kemba wanayoiona, huku mwelekeo wasiouona ukiendelea kuwamalizia matairi. Ukipitisha kiganja juu ya tairi, ukivuka kutoka ukingo hadi ukingo, utautambua mwelekeo mbovu: huku raba ni laini, ukirudisha mkono inakwaruza kama msumeno. Tairi lililoliwa na kemba peke yake huwa laini kote, limepungua tu upande mmoja.

Japani wanaipima hali hii kwa ukali. Katika ukaguzi wao wa lazima gari hupitishwa juu ya sahani inayoteleza kwa ubavu, na kikomo ni milimita 5 kwa kila mita moja ya mwendo, ndani au nje. Ukigeuza hesabu ya hapo juu utaona ni kiasi kilekile. Gari lililopita ukaguzi huo huko kwao, likaja Kisauni na kuinuliwa inchi mbili, si gari lile tena. Hata hivyo sahani ina upofu wake: kemba chanya inayovuta nje na toini inayosukuma ndani huweza kufutana, gari likapita huku magurudumu yake yote mawili yanashindana. Kufaulu sahani ni dalili njema tu.

Sasa tuliangalie gari lililoinuliwa kwa karibu. Magari madogo karibu yote tunayoendesha yana mguu wa mbele wa mtindo wa Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani ambaye ubunifu wake ulioneshwa Uingereza mwaka 1950 katika Ford Consul na Zephyr. Shokapu na springi ni mguu mmoja, umefungwa juu kwenye bodi na chini kwenye kitovu cha gurudumu kwa bolti mbili, na mkono wa chini ndio unaoshika kitovu kisichomoke. Bodi ikipanda, mkono huo huinamia chini zaidi, na kwa kuwa urefu wake haubadiliki, ncha yake ya nje huvutwa ndani. Sehemu ya chini ya gurudumu ikivutwa ndani, ya juu hubaki nje: kemba imekwenda chanya. Tairodi, ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu, nayo imebadili mlalo wake, kwa hiyo mwelekeo umehama. Tena mikono ikishakuwa na mteremko mkali, kila tuta hubadilisha mwelekeo zaidi kuliko zamani, ndiyo sababu gari lililoinuliwa huyumba kichwa barabara ikiwa na mawimbi. Gari lililoshushwa huenda kinyume: kemba hasi, ukingo wa ndani unaliwa, na mwenye gari hajui mpaka nyuzi za chuma zitokeze mahali asipotazama.

Dawa ipo, na ina mpangilio usiogeuzwa. Kimo kwanza, kisha kasta na kemba, mwelekeo mwisho kabisa. Ukinyoosha mwelekeo halafu ukagusa kemba, mwelekeo umeuharibu tena, maana kitovu kikiinama huondoka na mkono wa tairodi. Kwenye Subaru Impreza bolti ya juu ya mguu wa mbele imetoka kiwandani ikiwa na tumbo la upande mmoja, unaizungusha na kemba inahama. Kwenye Toyota nyingi hakuna bolti kama hiyo. Kiwanda kinategemea bolti mbadala zenye shingo nyembamba, zinazotambulishwa kwa nukta kichwani, na jinsi shingo inavyopungua ndivyo kitovu kinavyopata nafasi ya kuinama. Wenye springi za kurekebishika za hali ya juu huwa na sahani juu ya mguu inayoteleza ndani na nje. Ekseli ya nyuma ya Probox haina bolti ya kurekebisha chochote, lakini inafaa ipimwe vilevile. Hiace iliyokatika bolti ya katikati ya springi zake za majani hukaa na ekseli mshazari, gari zima likatembea kiupandeupande, na fundi akihangaika na magurudumu ya mbele peke yake atapata usukani uliopinda kila mara. Kugundua kunahitaji futi tu: pima kutoka kitovu cha mbele hadi cha nyuma, kushoto na kulia, ulinganishe.

Lipo suala la gari kuvuta kushoto, malalamiko ambayo mafundi wetu huyasikia labda kuliko yote. Tunaendesha upande wa kushoto, na lami huinamishwa asilimia 2 hadi 3 kuelekea ukingoni ili maji ya mvua yaondoke. Gari la kilo 1,200 kwenye mwinamo wa asilimia 2.5 husukumwa kushoto kwa nguvu ya kilo 30 hivi, hata kama magurudumu yake yamenyooka kabisa. Wengi wanajaribu kuliponya kwa kuchezea tairodi, na hapo ndipo kazi inapoharibika: mwelekeo wa magurudumu ya mbele hupinda usukani na kula matairi, lakini haulizuii gari kuvuta. Gari huvuta kuelekea upande wenye kemba chanya zaidi, au upande wenye kasta ndogo zaidi. Basi kwa barabara zetu kasta ya kushoto ipewe kama nusu digrii zaidi ya ile ya kulia, pale gari linaporuhusu, au kemba ya kulia iachwe chanya kidogo kuliko ya kushoto. Vitabu vya ufundi vya Toyota kwa magari yake mengi huruhusu pande mbili zitofautiane hadi dakika 45, yaani robo tatu ya digrii, kwa hiyo nafasi ya kufanya hivyo ipo bila kuvunja sheria ya kiwanda. Lakini kabla ya yote badilisha nafasi za matairi ya mbele, la kushoto kulia na la kulia kushoto. Gari likianza kuvuta upande wa pili, mbovu ni tairi.

Atakayepinga atasema kiwanda kimeajiri wahandisi, vipimo vyake vimejaribiwa, fundi wa kando ya barabara ya Mlaleo ana mamlaka gani ya kuviacha? Ni pingamizi la heshima, na jibu lake limo ndani ya vipimo vyenyewe. Vipimo vya kiwanda kwa kawaida hutolewa pamoja na kimo ambacho gari linatakiwa kuwa nacho wakati wa kupimwa. Ukikiacha kimo ukachukua pembe, umechukua nusu ya maagizo. BMW kwa miaka mingi imeagiza magari yake yawekewe uzito kwenye viti kabla ya kuwekwa kwenye mashine, kwa sababu gari halitembei bila watu. Matatu ya abiria 14, kila mmoja akiwa na kilo 65, inabeba kilo 910 kabla hujahesabu dereva, makanga na kapu la samaki. Kuinyoosha ikiwa tupu ni kuinyoosha kwa saa ile moja ambayo haiingizi kitu. Sisemi kila gereji ipakie abiria. Magunia ya mchanga yanatosha, na kwa gari la familia watu wawili mbele wanatosha.

Pingamizi la pili ni la mashine. Rangi ya kijani imekuwa kama hati ya kiserikali, ilhali maana yake ni kwamba namba imeangukia ndani ya mipaka, na mipaka ni mipana. Kipimo cha nusu digrii hasi chenye ruhusa ya dakika 45 kila upande kinapokea gurudumu lililoinama nje robo digrii na lililoinama ndani digrii moja na robo, yote kijani. Isitoshe, Probox haikuuzwa rasmi Ulaya wala Marekani. Mashine yenye orodha ya huko inaweza isiwe nayo, na fundi akachagua gari lingine linalofanana nalo jina au umbo. Gari lililofungwa spesa halimo katika orodha yoyote. Nami sidharau mashine: inapima kasta na mstari wa ekseli ya nyuma kwa namna ambayo mkono haufikii, na ina kasi. Lakini uzi na timazi havijapitwa. Fundi akisimamisha nyuzi mbili sambamba ubavuni mwa gari, umbali sawa kutoka kwenye vitovu, akapima kwa rula kutoka uzi hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa ringi ya inchi 14, tofauti ya milimita moja ni karibu dakika 9 za digrii. Timazi ikining'inizwa mbele ya ringi hiyohiyo hupima kemba kwa ukali uleule. Kwa mwelekeo, ambao ndio mla tairi, huo ni ukali wa kutosha kabisa, mradi gari lisimame kwenye sakafu iliyo sawa na magurudumu yasukumwe mbele kidogo baada ya kushushwa jeki, springi zikae mahali pake. Gereji nyingi za wazi hukosa sakafu hiyo, na kipande cha zege kilichosawazishwa kwa maji kingewafaa kuliko mashine ya mkopo.

La tatu ndilo linalosikika zaidi: ya nini kunyoosha, wiki moja ya mashimo itarudisha kila kitu? Chuma kizima hakirudi. Pembe haihami mpaka kitu kipinde, kilegee au kiliwe, kwa hiyo gari linalopoteza alaimenti kwa wiki moja linakutangazia ugonjwa uliokuwepo kabla ya kunyooshwa. Huchukua dakika chache kuutafuta. Gurudumu likiwa hewani, lishike kushoto na kulia ulitikise: likicheza, mshukiwa ni tairodi au raki ya usukani. Lishike juu na chini ulitikise tena: likicheza, ni boljointi au beringi. Kisha ingiza nondo kwenye bushi ya mkono wa chini uisukume. Raba iliyopasuka hufungua mdomo. Hapa pwani kuna adui wa ziada. Kisauni imezungukwa na bahari na vijito vyake, na hewa ya chumvi hushikanisha bolti ya kurekebishia na bomba la chuma lililo ndani ya bushi mpaka viwe kitu kimoja. Fundi akikuta bolti imeganda, kishawishi ni kuiacha na kumaliza kazi yote kwa tairodi, na mteja hajui. Bolti hiyo ikatwe na bushi ibadilishwe, kisha mpya ipakwe grisi shingoni siku inapofungwa.

Vijana wanaoshusha Subaru na kulaza magurudumu ndani wana hoja yao, kwamba magari ya mashindano huwekwa hivyo. Ni kweli kwamba bodi hulala nje kwenye kona, na kemba hasi hulisaidia tairi la nje kukanyaga lote. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, lakini gari la Safari huwekwa juu, likiwa na miguu mirefu inayozama na kupanda, kwa sababu njia ilitaka hivyo, na baada ya siku chache matairi hutupwa. Anayekwenda kazini mjini kila siku kupitia foleni ya Kongowea hakati kona kwa kasi ya kudai digrii tatu hasi. Zaidi ya hayo, tairi lililolala linashika lami iliyolowa kwa sehemu ndogo wakati wa kufunga breki, na wanaovuka barabara kati ya Bombolulu na Bamburi ni watoto wa shule. Digrii moja hasi, au moja na nusu kwa mwenye kupenda sana, inatosha kwa sura na kwa usalama, iwapo mwelekeo umewekwa karibu na sifuri.

Kuna jambo ambalo linaweza kubadilisha hali hii bila sheria mpya. Mashine za kompyuta zinaweza kuchapa karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada, na mteja anaweza kupokea neno la mdomo au kuidai karatasi yake. Idai. Angalia kama kimo cha gari kimeandikwa. Kama hakikuandikwa, mwambie fundi apime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kwa magurudumu yote manne, aandike kwa kalamu. Angalia kama kemba na kasta zimesogea au ni mwelekeo peke yake uliorekebishwa. Weka karatasi hiyo ndani ya gari, na siku utakapobadilisha springi, spesa au boljointi, rudi nayo upimwe upya. Na kabla gari halijapanda kwenye mashine, omba magurudumu yatikiswe ukiwa umesimama hapo. Gereji ikikataa, peleka gari kwingine, maana hata namba zikitoka kijani zitakuwa zimepimwa juu ya vyuma vilivyolegea.